"Niambie kila kitu, mimi ni wakili wako"

Shikamoo Mama Wakili,

Naandika saa sita usiku. Kesho asubuhi nina kesi mbili za kutajwa katika mahakama ya Milimani, Nairobi, na usingizi umenikataa kabisa.

Mimi ni wakili wa mwaka wa tatu. Ofisi yetu iko Upper Hill, na kazi yangu karibu yote ni kutetea wadaiwa katika kesi za ajali za barabarani. Kampuni za bima hutuletea faili, nasi tunaingia kortini kwa jina la mwenye gari. Napeleka notisi ya kufika, naandika hati ya utetezi, namtafuta dereva, naomba mdai akapimwe na daktari wa upande wetu, kisha nasubiri tarehe. Nilidhani nimeizoea.

Wiki mbili zilizopita tuliletewa faili ya mzee mmoja wa upande wa Kangundo Road. Ana gari aina ya Probox lililokatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi. Alfajiri moja gurudumu lilipasuka karibu na Kamulu, gari likapinduka likiwa na watu watano. Wote waliumia, na mama mmoja muuza mboga alikatwa mguu chini ya goti. Huyo mama ndiye aliyeshtaki. Katika hati yake ya madai amesema alikuwa abiria aliyelipa nauli. Mzee naye, alipojaza fomu ya bima baada ya ajali, aliandika kwamba waliokuwa ndani ni jamaa na majirani aliowapa lifti. Kesi ilifunguliwa miezi miwili na nusu iliyopita ila samansi zilimfikia kwa kuchelewa. Notisi ya kufika nimeshaiwasilisha. Siku za kuwasilisha utetezi zinaisha wiki ijayo.

Nilimwita ofisini Alhamisi iliyopita. Alikuja amevaa koti la kanisani, mkononi kichana cha ndizi cha kunipa, akaniita binti yangu. Aliogopa mno. Mikono ilimtetemeka hata glasi ya maji hakuweza kuishika vizuri. Ili kumtuliza nikamwambia, "Mzee, niambie kila kitu, mimi ni wakili wako."

Akaniambia. Kwamba kila alfajiri hubeba watu kwenda sokoni Marikiti kwa shilingi 100 kila mmoja, tangu mkewe alipoanza kusafishwa figo mara mbili kwa wiki. Kwamba yule mama alilipa siku hiyo kama siku nyingine. Kisha akaniuliza, "Lakini nikisimama mbele ya hakimu niseme walikuwa jamaa zangu, si tutashinda?" Sikumjibu vizuri. Niliandika maelezo yake yote kwa mkono, kurasa tatu.

Jumatatu afisa wa madai wa kampuni ya bima akaniandikia barua pepe. Anasema wana shaka kuhusu nauli, na kwa kuwa mzee ananiamini, nimwulize kwa upole kisha nimpe ripoti kabla ya Ijumaa. Bosi wangu alipoiona alisema jambo moja tu: "Kampuni hiyo ndiyo inayotulisha." Na ni kweli, karibu nusu ya faili zetu zinatoka kwao. Mimi ndiye ninayemlipia ndugu yangu karo ya chuo.

Nikiripoti, mzee ataachwa peke yake na deni ambalo hata akiuza shamba hatalimaliza. Nisiporipoti, nitakuwa nimemdanganya anayenilipa. Na mamangu mzazi, nilipomweleza kazi yangu bila kutaja majina, aliniuliza kwa nini nilisoma miaka yote hiyo ili nikapigane na watu waliokatwa miguu. Nilikosa jibu.

Nifanyeje? Na je, niiache kazi hii?

Wakili wa Upper Hill

*

Marahaba mwanangu.

Usimwandikie afisa huyo neno hata moja kuhusu nauli. Naanza hapo kwa sababu Ijumaa iko karibu. Mengine utayasoma ukiwa umetulia.

Alichokuambia mzee ni siri ya mteja. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamkataza wakili kutoboa alichoelezwa na mteja wake kazini, isipokuwa mteja mwenyewe ameridhia, na katazo hilo linaendelea hata baada ya wakili kuacha kumwakilisha. Bosi wako atasema kampuni ya bima nayo ni mteja, na kwa sehemu atakuwa sahihi. Mkataba wa bima unaipa kampuni haki ya kuendesha utetezi na kuchagua wakili. Ndiyo inayolipa, ndiyo inayoamua kama kesi imalizwe nje ya mahakama na kwa kiasi gani. Mradi mzee na kampuni wanataka kitu kimoja, yaani dai lishindwe au lipunguzwe, unaweza kuwatumikia wote wawili na moyo wako ukatulia. Hivyo ndivyo kazi yetu inavyokwenda siku nyingi. Lakini sasa kampuni inatafuta mlango wa kutokea, na mlango huo unamfungia mzee ndani. Barua ile ilikutaka umpeleleze mtu unayemtetea.

Tazama pia ile Ijumaa. Chini ya Sura ya 405, ile sheria ya bima ya magari, kampuni ikishapata notisi ya kesi inabidi imlipe aliyeumia pindi hukumu ikitoka, hata kama ina ugomvi na mwenye gari. Ikitaka kujitoa kwa hoja kwamba mwenye gari aliificha jambo la maana alipokata bima, ni lazima ifungue kesi yake ya kuomba tamko la mahakama kabla ya miezi mitatu kupita tangu kesi ya mdai ilipofunguliwa. Kesi yenu ina miezi miwili na nusu. Hesabu mwenyewe siku zilizobaki, utaelewa kwa nini afisa ana haraka na kwa nini amekuja kwako badala ya kumtuma mpelelezi wake, ambaye angehitaji wiki kadhaa kuzunguka Kamulu akiuliza watu.

Kampuni ina haki ya kutaka kujua ukweli. Wanaolipa bima halali ya kubeba abiria wanapunjwa kila mwenye gari la kibinafsi anapochukua nauli, na sitaki uone kosa la mzee kuwa dogo. Lakini kampuni ina wapelelezi wake, ina mawakili wengine wa kufungua kesi ya tamko, na hati ya madai ya yule mama imeshaiambia kuna nauli. Ijitafutie kwa njia zake. Haina haki ya kuupata ukweli huo kupitia kinywa chako.

Nitakueleza kwa nini nalisema jambo hili kwa ukali. Nikiwa mwaka wa tano nilipewa faili ya mwenye bucha mmoja wa Eastlands. Aliniambia kwamba dereva wake, siku ya ajali, hakuwa na leseni halali. Niliandika kwenye ripoti ya mwezi kama ninavyoandika hali ya hewa, mstari mmoja, sikufikiri mara mbili. Kampuni ikamkana. Mimi nikatolewa kwenye faili, hukumu ikatoka, na madalali wakaja wakachukua friji, mizani na pikipiki. Miaka mingi baadaye nilikutana naye kwenye foleni ya benki. Alinisalimia vizuri. Aliniuliza kama bado ninafanya kazi ya sheria. Hakujua ni mimi niliyemtoa. Alidhani ni bahati mbaya tu. Sijawahi kusahau salamu ile.

Sasa nikukosoe kidogo, kwa kuwa nakupenda. Maneno uliyomwambia mzee, "mimi ni wakili wako," yalikuwa kweli nusu. Ulitakiwa kumwambia nusu ya pili kabla hajafungua mdomo: kwamba kampuni ya bima ndiyo iliyokutuma, kwamba huenda siku moja masilahi yake na yao yakaachana, na kwamba ikiwa kuna jambo lolote kuhusu bima yenyewe linalomtia hofu, akaonane kwanza na wakili wake binafsi. Ungemwambia pia jambo ambalo mawakili wengi wa bima hatulisemi: hata kila kitu kikienda sawa, sheria inaifunga kampuni kulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mdai mmoja, na hakimu akitoa zaidi ya hapo kinachozidi ni mzigo wa mwenye gari. Kwa mguu uliokatwa, pamoja na gharama ya mguu bandia na kipato kilichopotea, kiwango hicho si mbali. Mtu anapaswa kujua hayo akiwa bado ana muda. Dakika tano za mwanzo wa mahojiano, mwanangu, kuanzia leo zifanye desturi.

Kuhusu swali lake la kusema walikuwa jamaa, ulinyamaza, na kunyamaza kwako aliweza kukuelewa kama ndiyo. Mpigie simu ulirekebishe. Yaliyopita aliyokueleza yanalindwa. Uongo anaotaka kwenda kuusema haulindwi, na wewe huwezi kumsaidia kuuandaa. Kifungu kilekile cha 134 hakifuniki mawasiliano ya kuendeleza jambo lisilo halali. Huwezi kuandika taarifa ya shahidi unayojua ni ya uongo na kumpa aitie sahihi, na huwezi kumsimamisha kizimbani aiseme. Mwambie kwa lugha ya heshima lakini bila kuzunguka: "Mzee, siri yako sitaitoa, lakini uongo sitaubeba." Wengi nimewaambia hivyo. Wachache walikasirika. Walio wengi walishusha pumzi.

Hati ya utetezi lazima iingie kabla siku hazijaisha. Usiache muda upite kwa sababu ya dhamiri. Ukiacha, mama anaomba hukumu kwa kuwa utetezi haukuwasilishwa na mzee anaumia kwa mkono wako. Kubali kwamba ajali ilitokea na kwamba mama alikuwa ndani ya gari. Kulikana hilo ni kumtesa mtu aliyekatwa mguu athibitishe lililo kwenye abstrakti ya polisi, ile taarifa yao fupi ya ajali. Pigania mahali palipo na hoja: je, kupasuka kwa gurudumu ni uzembe wa mzee? Lilikuwa jipya au limekwisha? Gari lilikaguliwa na nani, lini? Hayo ndiyo madai halisi ya kesi. Na ujue kwamba kwa suala la uzembe, wajibu wa dereva kwa abiria ni uleule, awe amelipa au amepewa lifti.

Lakini nauli imeandikwa kwenye hati ya madai, na kwa Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 usichokijibu kinahesabiwa umekikubali. Hapa mawakili vijana hukimbilia ile sentensi ya kale, kwamba mdaiwa ni mgeni kwa madai hayo. Usiiandike. Mzee si mgeni kwa nauli ile. Aliipokea kwa mkono wake. Andika tu kwamba jambo hilo halikubaliwi na mdai anaachiwa alithibitishe. Kumwachia mdai mzigo wa kuthibitisha si uongo, maana sheria yenyewe imeuweka mzigo huo kwake. Kudai kwamba jambo halikutokea huku ukijua limetokea ndiko kunakovuka mpaka. Tofauti ya sentensi hizo mbili inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini nimeona mawakili wakiitwa mbele ya Jopo la Nidhamu la mawakili kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Taarifa ya mzee kama shahidi usiiambatanishe sasa. Kanuni zinaruhusu, kwa ruhusa ya mahakama, taarifa za mashahidi ziletwe baadaye, angalau siku 15 kabla ya kikao cha matayarisho ya kesi. Hilo litampa wakili atakayekurithi nafasi ya kufikiri.

Ndiyo, atakayekurithi. Ukishawasilisha utetezi, jiondoe. Hutaweza kumtetea mzee sawasawa huku ukimficha jambo anayekulipa, na hutaweza kumtumikia anayekulipa huku ukilinda siri ya mzee. Mzee akipata wakili mwingine, notisi ya mabadiliko inatosha. Asipopata, unapeleka ombi kwa hakimu, unamkabidhi mzee nakala, na mpaka hakimu atoe amri bado wewe ndiye wakili wake kwa kila tarehe. Kwenye ombi na kwenye barua kwa kampuni andika maneno mawili pekee: mgongano wa masilahi. Afisa atakuuliza mgongano gani. Hujibu. Atakisia, mwache akisie. Hata kukisia kwake usikuongezee wala usikupunguzie neno.

Kuna jambo moja bosi wako anaweza kulisahau. Kampuni ikifungua kesi ya tamko dhidi ya mzee, ofisi yenu isiikubali, hata ikipewa wakili mwingine wa chumba cha pili. Mmeshakaa na mzee meza moja. Nenda kwa bosi asubuhi, mapema, kabla simu hazijaanza kulia, ukiwa na Kifungu cha 134 na mwongozo wa maadili wa LSK, chama cha mawakili wa Kenya, wa 2016 mkononi. Usimwambie alichosema mzee zaidi ya anachohitaji kujua. Mwambie unailinda ofisi, kwa sababu ni kweli: mzee akija kujua na kupeleka malalamiko, jina kwenye cheti cha uwakili cha kila mwaka ni lenu, si la afisa wa madai. Mabosi wengi wa kazi hii waliwahi kusimama mahali uliposimama. Akikulazimisha uandike ripoti, kataa kwa maandishi, kwa adabu, na uweke nakala. Najua kuhusu karo ya ndugu yako. Sitakuambia haiwezi kukugharimu.

Sasa swali la mama yako, ambalo nadhani ndilo lililokunyima usingizi.

Niliwahi kumtetea mwenye matatu ya viti 14 aliyeshtakiwa na watu 19, wote wakidai walikuwa ndani siku moja, safari moja. Tulimwita afisa wa trafiki na kitabu cha OB, kile cha matukio cha polisi, tukapata majina ya walioumia kweli: saba. Saba hao walilipwa. Wale wengine walikuwa na ripoti za daktari zilizoandikwa kwa maneno yaleyale, hata kosa la tahajia lilikuwa moja. Pesa ambazo wangechukua zingetoka kwa nani? Mwaka 2005 kampuni ya bima ya United, na 2011 Blue Shield, ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wenye magari waliodhani wamekingwa wakajikuta wakiandamwa kwa hukumu zenye majina yao. Niliwaona hao watu kwenye baraza za Milimani, wamekaa na bahasha za kaki, hawajui waingie mlango upi. Mtu asiye na wakili mzuri upande wa kujitetea anaweza kupoteza nyumba kwa ajali ya sekunde tatu.

Na hata dai likiwa la kweli kabisa, kama la huyu mama, kuna kazi ya haki ya kufanya. Kiasi cha fidia hupimwa kwa kulinganisha na hukumu za majeraha yanayofanana, na tangu ile kesi ya Butt dhidi ya Khan mahakama ya rufaa haikigusi kiasi kilichotolewa ila kikiwa kikubwa au kidogo kupita kiasi, au hakimu akiwa amefuata kanuni isiyo sahihi. Maana yake, hesabu inayofanywa mbele ya hakimu mara nyingi ndiyo ya mwisho. Wakili wa utetezi mwaminifu huleta hukumu zinazolingana kweli, haleti za mguu uliovunjika kumlipa aliyekatwa. Humshauri anayelipa amalize mapema wakati kosa liko wazi. Nimewahi kuandika barua ya ushauri ya kurasa mbili iliyomfanya mjane alipwe ndani ya miezi minne badala ya miaka sita. Hakuna aliyejua ni mimi, na hiyo ni miongoni mwa barua ninazojivunia. Mwambie mama yako kwamba kampuni ikimkana mzee, muuza mboga huyo naye atabaki na hukumu ya kutundika ukutani. Kwa hiyo ukiilinda siri ya mzee unaulinda na mguu bandia wa mama huyo.

Usiiache kazi kwa ajili ya wiki hii. Ikiwa mwaka ujao utaona ofisi hiyo inakutaka uwe mpelelezi kila mwezi, basi tafuta ofisi nyingine, maana Nairobi ina zaidi ya moja zinazotetea wadaiwa bila kuwauza.

La mwisho ni zile kurasa tatu ulizoandika kwa mkono. Ziko wapi sasa? Kama ziko ndani ya faili ya kesi, zitoe asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Afisa wa madai anaweza kuomba nakala ya faili wakati wowote, na karani asiyejua lolote ataipiga chapa yote na kuituma kabla ya chakula cha mchana. Zitie kwenye bahasha, uifunge, uandike jina la mzee juu yake. Siku atakapokuja kuchukua karatasi zake, mpe mkononi, umweleze ni nini na kwa nini hakuna mwingine aliyezisoma.

Mama Wakili